Majilio ya Wiki Tatu na Nusu Siku

"Kwani huyo Majilio ni nani?" Swali hili niliulizwa bwenini na mwenzangu wa kitanda cha juu, aliponisikia nikisema kwamba Majilio ya mwaka 2023 yalinitia adabu. Alidhani ni mwalimu wa zamu! Nilicheka sana, lakini baadaye nikaona si haki, maana kanisani kwao msimu huu hauadhimishwi. Basi, wasomaji wapenzi, niruhusuni niueleze.

Neno hili lina uhusiano na kitenzi 'kuja', kama vile 'ujio'. Ni majira ambayo Wakristo hujiandaa kwa kuja kwake Yesu: tunakumbuka alivyozaliwa, na pia tunangoja atakaporudi. Hilo la pili wengi wetu hulisahau, tukawaza chapati na nguo mpya tu. Sisi Wakatoliki, na vilevile Waanglikana na Walutheri, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Padri huvaa zambarau, isipokuwa Jumapili ya tatu ambapo anaweza kuvaa rangi ya waridi, kwa sababu furaha imekaribia.

Kuna pia taji la mishumaa minne. Desturi hii inahusishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto hao walikuwa wakimsumbua kila siku wakiuliza Krismasi itafika lini, naye mwaka 1839 akaweka mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni ili wajihesabie wenyewe. Kigangoni kwetu, ambako padri hufika mara moja kwa mwezi, katekista hukata matawi ya saiprasi na kuyafunga duara. Mishumaa ni ile ile myeupe ya dukani, imefungwa utepe wa zambarau.

Sasa nije kwa jambo lililonipata. Likizo ya Agosti mwaka huo nilimtusi kaka yangu. Alinishauri nipunguze matembezi ya usiku, nami nikamjibu mbele ya Shangazi kwamba mtu aliyeachia shule kidato cha pili hana la kunifunza. Ati mimi! Aliacha shule kwa sababu karo haikutosha watoto wawili, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Hakunijibu. Aliinuka tu akatoka nje.

Jumapili ya kwanza, tarehe 3 Desemba, katekista alituambia tusijisumbue kupaka nyumba rangi huku tumenuniana ndani. Nilijua ananisema mimi, ingawa hakujua habari zangu. Nikaweka nadhiri: nitaongea na Kaka Majilio haya haya. Lakini wiki ya kwanza niliona ni mapema, na ya pili Kaka alipokuja likizo nikaona amechoka. Nikajiambia, wiki ya nne ndiyo nzuri, watu huwa na moyo laini.

Kumbe sikujua kuhesabu. Ndugu msomaji, Majilio yana Jumapili nne, si lazima yawe na wiki nne kamili. Krismasi ikiangukia Jumapili, kama mwaka 2022, tunapata siku 28. Ikiangukia Jumatatu, kama mwaka ule wa 2023, siku ni 22 tu: Jumapili ya nne ndiyo hiyo hiyo tarehe 24 Desemba. Mshumaa wa nne unawashwa asubuhi, na jua likitua mmeshaingia mkesha. Katekista alitutangazia jambo hili Jumapili ya tatu, nami bado nikaacha siku sita zipite. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli.

Tarehe 24 tulipotoka ibadani nilimkuta Mama peke yake. Kaka alikuwa ameshaondoka, zamu yake ilikuwa siku ya Krismasi. Nilikimbia hadi steji na viatu vya kanisani. Nilimkuta ameketi juu ya mkoba wake akingoja matatu ijae.

"Kaka, nisamehe yale ya Agosti," nikasema. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu, yote ikapotea.

Alinitazama kitambo. "Uliyasema mbele ya Shangazi."

Hapo nikaelewa kwamba kumwomba msamaha pale steji, mahali ambapo hakuna anayetujua, ni rahisi mno. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa Shangazi. Hakusema ndiyo wala la. Makanga alipopiga kelele alinyanyuka, akanipa shilingi mia mbili za kalamu, akapanda.

Siku ya Krismasi, kabla ya chakula, nilikwenda kwa Shangazi. Alikuwa akisukuma chapati. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa unga mikononi, kisha akaniambia nilete simu tumpigie Kaka.