Viza za nipe nikupe: hazina hupokea, msafirishaji hulipa

Na Mwandishi Wetu

CHUKULIA watalii wanne wameshuka Namanga kutoka kwenye basi dogo la Nairobi kwenda Arusha. Watatu wana pasipoti za Ujerumani na mmoja ana pasipoti ya Marekani. Dirisha ni moja na safari ni ile ile ya Ngorongoro. Hata hivyo, kila Mjerumani atalipa dola 50 za viza ya kawaida ya Tanzania, na Mmarekani atalipa dola 100. Kama hakuambiwa mapema, atakayebanwa kwa maswali si ofisa wa uhamiaji bali dereva.

Nauli ya kiti kimoja katika basi hilo haifikii hata viza yenyewe. Kwa hiyo mwenye gari anayedhani viza ni shauri la abiria na serikali anajidanganya. Viza ni sehemu ya bei ya safari. Ikipanda, mteja hupunguza siku, huacha nchi moja au haji kabisa. Makala haya yanaeleza kwa nini bei hizo hutofautiana, nani hufaidika zikipanda na mfanyabiashara wa mpakani ajipange vipi.

Nipe nikupe ni nini

Kuna njia tatu ambazo nchi hutumia kupanga ada ya viza. Ya kwanza ni bei moja kwa wageni wote. Ya pili ni kufutiana, yaani raia wa pande zote mbili hawalipi. Ya tatu ni nipe nikupe: raia wako analipishwa kwangu kadiri raia wangu anavyolipishwa kwako.

Marekani yenyewe ina utaratibu huo kwa maandishi. Mwombaji wa viza ya matembezi au biashara hulipa kwanza ada ya maombi, ambayo Juni 2023 ilipanda kutoka dola 160 hadi 185. Juu ya hiyo, raia wa baadhi ya nchi hulipa ada nyingine ya kutolewa viza, inayopangwa kwa kuangalia nchi yao inawatoza nini Wamarekani. Sheria iliyosainiwa Marekani Julai 2025 iliweka pia ada mpya ya dola 250 kwa viza za muda.

Dola 100 ambazo Tanzania huwatoza Wamarekani zimejengwa juu ya hoja hiyo hiyo. Mmarekani hupewa viza ya kuingia mara nyingi kwa miezi 12, wakati mwenye viza ya dola 50 huingia mara moja tu.

Bei hizo mbili hata hivyo hazilingani kama zinavyoonekana. Mtanzania akinyimwa viza ya Marekani, ada ya maombi hairudishwi. Mmarekani anayelipa dola 100 mpakani kwa kawaida anapita. Kwa hiyo hata namba zikifanana, hatari ya kupoteza fedha haifanani. Ndiyo maana nchi nyingi zinazojibu kwa ada peke yake hubaki zikihisi kwamba hazijalipizwa sawasawa.

Waliojaribu kabla yetu

Chile iliwatoza Wamarekani ada ya nipe nikupe uwanja wa ndege kwa miaka kadhaa. Iliiacha mwaka 2014, Marekani ilipowaruhusu raia wa Chile kuingia bila viza. Argentina ilianza mwishoni mwa 2009 na kuwaondolea Wamarekani ada hiyo 2016. Brazil ilifuta viza kwa Wamarekani, Wakanada na Waaustralia mwaka 2019 bila kupewa chochote, kisha ikairudisha Aprili 2025.

Karibu na sisi, Namibia ilianza Aprili 1, 2025 kudai viza kwa raia wa nchi zaidi ya 30 ambazo hazikuwapa Wanamibia nafasi ya kuingia bila viza, zikiwamo Marekani, Uingereza na Ujerumani. Ada kwa mgeni asiye Mwafrika iliwekwa dola 1,600 za Namibia.

Mali ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kwa waombaji wa viza kutoka baadhi ya nchi. Oktoba mwaka huo Mali na Tanzania zilitangazwa kuongezwa katika orodha. Mali ikatangaza dhamana ya namna hiyo kwa Wamarekani, na kabla mwezi haujaisha ikaondolewa. Tanzania ilibaki, na tangazo la Ikulu ya Marekani la Desemba 2025 likasimamisha utoaji wa viza za matembezi kwa Watanzania kuanzia Januari 2026.

Kwa juu juu somo ni kwamba anayejibu husikilizwa. Lakini Mali haitegemei Wamarekani wanaokwenda kuangalia wanyama. Anayeishi kwa mgeni lazima apige hesabu nyingine.

Hesabu ya hazina na hesabu ya gereji

Tufanye mfano mdogo. Wageni 100 wanalipa viza ya dola 50: hazina inapata dola 5,000. Ada ikipanda hadi dola 100 na wageni 10 wakaacha kuja, waliobaki 90 wanalipa dola 9,000. Hazina imeongeza dola 4,000.

Sasa chukua kwamba kila mgeni hutumia dola 1,000 kwa gari, hoteli, chakula na vinyago. Wale 10 wasiokuja wameondoka na dola 10,000. Humo ndani VAT ya asilimia 18 ingekuwa karibu dola 1,525. Hata ukiitoa, hazina imebaki mbele kwa zaidi ya dola 2,400. Sekta imerudi nyuma dola 10,000.

Hapo ndipo penye siri ya ada hizi kupanda kwa urahisi. Faida inaingia mfuko mmoja unaoonekana, hasara inagawanyika kwa watu wengi wasiokaa meza moja: mwenye gari, fundi, mpishi, muuza mafuta, mama muuza shanga. Kila mmoja anaona biashara imedorora, hakuna anayeona ankara.

Uganda iliyaona haya. Julai 2015 ilipandisha viza ya kuingia mara moja kutoka dola 50 hadi 100. Wakati huo viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza 2014, ilikuwa dola 100 hizo hizo. Mgeni wa Uganda peke yake akawa analipa sawa na wa nchi tatu. Mawakala wa utalii walilalamika, na 2016 ada ikarudi dola 50. Kenya nayo, ilipokuwa ikitafuta wageni baada ya machafuko ya uchaguzi, ilishusha viza kutoka dola 50 hadi 25 mwaka 2009, kisha ikairudisha 2011 hali ilipotulia.

Majirani wakilipizana

Nipe nikupe ikihamia kati ya majirani, huuma haraka zaidi. Wenye malori wanakumbuka 2013, Tanzania ilipopandisha tozo ya barabara kwa malori ya Rwanda kutoka dola 152 hadi 500, na Rwanda nayo ikapandisha kwa malori ya Tanzania.

Wenye magari ya utalii wana kumbukumbu yao. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuchukua na kushusha wageni Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ikisimamia makubaliano ya 1985. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Mwezi huo huo marais Uhuru Kenyatta na Jakaya Kikwete walikutana Windhoek, na mambo yakalegezwa. Zuio likiwapo, mgeni wa Arusha aliyeshukia Nairobi alilazimika kubadili gari. Hakuna aliyewarudishia wenye magari siku walizopoteza.

Njia ya kufutiana imezaa matunda kimyakimya. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walifunguliwa mipaka zaidi na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010. Mwaka 2021 Sudan Kusini ilikubaliana na Kenya, kisha Uganda, kufutiana viza, nafuu kubwa kwa madereva wa Nimule waliozoea kulipia kila safari. Septemba 2023 Kongo nayo iliwaondolea Wakenya viza. Hii pia ni nipe nikupe, ila bei waliyokubaliana ni sifuri.

Panga bei yako hivi

Kwanza, muulize mteja pasipoti anayosafiria, si nchi anayoishi. Mmarekani anayekaa London bado ni Mmarekani dirishani.

Pili, itenge viza na bei ya safari katika ankara. Andika wazi kwamba ada za serikali zikipanda baada ya malipo ya awali, tofauti ni ya mteja. Anayezimeza ndani ya bei moja ndiye anayeumia ada ikibadilika msimu ukiwa katikati.

Tatu, piga hesabu upya ya viza ya pamoja. Tangu Januari 2024 Kenya haitozi viza bali kibali cha kielektroniki cha dola 30, mbali na makato ya malipo. Kenya na Uganda pekee ni dola 80, chini ya dola 100 za viza ya pamoja. Viza ya pamoja inalipa kama Rwanda nayo imo na mgeni anatozwa viza huko, au kama atavuka na kurudi zaidi ya mara moja. Wananchi wa Umoja wa Afrika na Jumuiya ya Madola wana nafuu yao Rwanda.

Nne, angalia mpangilio wa njia. Viza ya pamoja haihusu Tanzania. Mgeni akitoka Kenya kwenda Serengeti, viza hiyo imekwisha. Maliza nchi tatu kwanza, Tanzania iwe mwisho au mwanzo.

Tano, anayekwenda Zanzibar ajue kwamba tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni kutoka nje. Si viza, lakini inatoka mfuko ule ule.

Sita, usimpitishe mnunuzi wako kama mtalii. Mgeni anayekuja kukagua korosho au kufunga mkataba Tanzania anahitaji viza ya biashara, dola 250. Akikamatwa na viza ya matembezi ghalani kwako, hasara ni yenu wote wawili.

Jambo la mwisho ni la vyama vya wasafirishaji na mawakala. Serikali inapopanga ada huwa na hesabu ya makusanyo mezani. Hesabu ya safari zilizofutwa hakuna anayeipeleka. Anza kuandika: nani alighairi, lini, kwa sababu ya ada gani, na safari ilikuwa ya dola ngapi. Daftari la msimu mmoja kutoka kampuni 20 za Arusha, Nairobi na Kampala litasikilizwa kuliko malalamiko ya miaka kumi.