Injini ya Turbo na Mlima wa Mombo: Kuimarisha Viungo vya Ndani kwa Fedha Kidogo

Mombo, wilayani Korogwe, ndipo barabara ipandayo Soni na Lushoto inapoachana na ile iendayo Moshi. Mji huo uko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto kiasi cha mita 1,400. Kilomita zipatazo 33 zilizo kati yao ni za kupanda karibu zote. Kanieneo ya hewa hupungua njiani kutoka milibari zipatazo 970 hadi 860. Injini ya kawaida, ivutayo hewa kwa nguvu zake yenyewe, hufika juu ikiwa imepoteza kiasi cha sehemu moja katika tisa ya hewa iliyokuwa nayo bondeni. Injini yenye turbo huweza kulifidia pengo hilo. Hata hivyo, mlima huo huo huifichua upesi injini iliyoongezewa hewa bila kuongezewa uimara.

Turbo ni gurudumu dogo la mapanga lizungushwalo na moshi wa ekzosi. Kwenye mhimili huo huo limefungwa gurudumu la pili, ambalo huivuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1905, mwaka ule ule reli itokayo Tanga ilipofika Mombo.

Hewa ikishindiliwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, kanieneo yake ikizidishwa mara 1.8, hufikia nyuzi 82 hata kama turbo ingekuwa kamilifu. Turbo halisi huipasha zaidi. Kisha pistoni huigandamiza tena. Kwa uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, hesabu ya gesi huonyesha nyuzi zipatazo 620. Kwa uwiano wa 8 kwa 1, nyuzi 540. Tofauti hiyo ndiyo sababu injini nyingi za petroli zenye turbo hupewa uwiano mdogo, pamoja na kipoza hewa kati ya turbo na silinda. Joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ambayo bado haijafikiwa na mwali hulipuka yenyewe kwa mkupuo. Mafundi husema injini inagonga. Mawimbi ya mgongano huo huvunja kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni.

Ichukuliwe injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2, kipenyo cha silinda milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 75, vipimo vya injini ya Subaru iitwayo EJ20. Eneo la kichwa cha pistoni moja ni sentimita za mraba 66.5. Kanieneo ya kilele ikiwa mara 60 ya ile ya angahewa, pistoni husukumwa chini kwa kani ya newtoni zipatazo 40,000, sawa na uzito wa tani nne. Ikipandishwa hadi mara 90, huwa tani sita. Konrodi, yaani fimbo iunganishayo pistoni na krenki, hubeba mzigo huo kwa kubanwa.

Kuna mzigo wa pili ambao wengi huusahau. Pistoni ikifika juu kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuirudisha chini. Konrodi ndiyo huivuta. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, mchapuko wa pistoni hapo huzidi mita 14,800 kwa sekunde mraba. Pistoni na pini yake vikiwa na tungamo la nusu kilo, boliti za konrodi huvutwa kwa newtoni 7,400, bila kuhesabu konrodi yenyewe wala mwinamo wake. Kwa mizunguko 7,000 kani hiyo hufika newtoni 10,000, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mwendo. Basi kuongeza hewa huongeza zaidi mbano, na kuongeza mizunguko huongeza mvuto. Mwenye fedha kidogo afadhali asiguse kikomo cha mizunguko kilichowekwa kiwandani.

Boliti za konrodi, ambazo bei yake ni ndogo mno zikilinganishwa na pistoni, zastahili kuwa za kwanza kubadilishwa. Boliti hushika kwa sababu imenyooshwa kidogo kama chemchemi. Iliyokwisha kunyooshwa kupita kiasi haibani tena sawasawa. Fundi makini hupima urefu wake kwa maikromita kabla na baada ya kukaza. Konrodi za kiwandani, zikiwa hazikupinda wala hazina ufa, mara nyingi zaweza kurudishwa.

Pistoni ni suala jingine. Nyingi husubiwa, yaani alumini iliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu. Pistoni ya kufua hushindiliwa ingali ngumu lakini ya moto, kama mhunzi afuavyo jembe. Chembe za metali hushikamana zaidi na vitundu vya hewa hupotea. Huvumilia mapigo, lakini nyingi hutanuka zaidi kwa joto, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda na huweza kubisha injini ikiwa baridi. Kuzifunga kwa nafasi ya pistoni za kusubu ni kualika kukwama.

Nafasi ya beringi za krenki nayo ni ya kupimwa, si ya kukisiwa: kwa shingo ya milimita 50, kiasi cha milimita 0.05. Uzi laini wa plastiki, ambao hubanwa kisha upana wake ukasomwa kwenye kipimo, hutosha kwa kazi hiyo. Iwapo beringi za zamani zilisagika, bomba la oili la turbo na kipoza oili havina budi kusafishwa au kubadilishwa, maana vumbi la chuma hubaki humo.

Injini mpya haipandishwi Soni siku ya kwanza. Huendeshwa kwanza kwenye tambarare, kati ya Mombo na Mazinde, kwa mwendo unaobadilika-badilika na turbo ikisukuma kidogo, ili ringi zikae. Kisha oili humwagwa, na chujio hukatwa na kukunjuliwa ili kuona kama lina chembe zinazong'aa.