Msimamizi wa ligi ya fantasy, linda usingizi wa wenzako

Mzazi, kijana wako akikwambia yeye ni msimamizi wa ligi ya Fantasy Premier League, usimgombeze haraka. Mchezo ni wa bure: kila mmoja hupanga wachezaji 15 kwa bajeti ya kubuni ya pauni milioni 100, kwa raundi 38. Kuhesabu pointi na kutaniana na wenzake, iwe Kwamsisi au Korogwe mjini, si ugonjwa.

Tatizo huanzia sehemu mbili. Kwanza ni usingizi. Wakati wa baridi Uingereza, mechi nyingi za katikati ya wiki huanza kama saa 5 usiku kwetu na kuisha saa 7. Mwanafunzi anayeamka saa 11 alfajiri atalala saa 4 tu, wakati mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Darasani atasinzia, atasahau, na nyumbani atakuwa na hasira za haraka.

Pili ni fedha. Mkichangishana ili mshindi achukue zote, mchezo umegeuka kamari, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Dalili za uraibu ni kukopa, kudanganya na kutaka kurudisha alichopoteza. Shirika la Afya Duniani linautambua kuwa ugonjwa, hivyo ukiziona, mpeleke kituo cha afya.

Msimamizi, wakumbushe wenzako kupanga timu mapema jioni, funga kundi la ujumbe saa 3 usiku na toa msimamo asubuhi. Mshindi apewe sifa, si fedha.