Kigugumizi cha Kompyuta: Kutafuta Hitilafu kwa Kupima, Si kwa Kubahatisha

Kijana ameketi mbele ya kompyuta ya mezani akiendesha gari katika mchezo wa mashindano. Barabara yapita chini ya magurudumu bila mkwaruzo. Mara gari lasita, kisha laruka hatua kadhaa mbele na kuendelea kana kwamba halikutokea lolote. Baada ya robo saa hali yazidi kuwa mbaya, na mwishowe picha yaganda kabisa: vitufe vyabonyezwa, lakini hakuna kinachojibu.

Wenzake waliosimama nyuma ya kiti hawakosi ushauri. Wa kwanza asema, "Nunua kadi mpya ya grafiki." Wa pili asema kumbukumbu haitoshi. Wa tatu ana hakika kwamba ni virusi. Huenda mmoja wao amesema kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyepima. Kadi ya grafiki mara nyingi ndiyo sehemu yenye bei kubwa kuliko zote katika kompyuta ya michezo. Ikiwa kosa liko kwingine, fedha zitakuwa zimekwenda na kigugumizi kitabaki pale pale.

Makala haya yaeleza chanzo cha kigugumizi hicho na jinsi ya kukitafuta. Hesabu itakayotumika haizidi ile ya kidato cha pili, na vyombo vya kupimia tayari vimo ndani ya kompyuta yenyewe au hupatikana bila malipo.

Muda usiozidi milisekunde 17

Kama ilivyo katika sinema, hakuna kitu kinachotembea kwenye skrini. Kompyuta huchora picha moja iliyotulia, kisha nyingine iliyobadilika kidogo, na jicho huziunganisha likaona mwendo. Kila picha ya namna hiyo huitwa fremu.

Skrini nyingi za kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde. Tukigawanya milisekunde 1,000 kwa 60 twapata milisekunde 16.7. Katika muda huo mfupi, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, haina budi kusoma vitufe vilivyobonyezwa, kukokotoa mahali pa kila kitu mchezoni na kutoa maagizo ya uchoraji. Kadi ya grafiki nayo yapaswa kuyatekeleza maagizo hayo kwa kupaka rangi kila nukta ya skrini. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina jumla ya nukta 2,073,600.

Je, fremu ikichelewa itakuwaje? Katika skrini yenye mwendo usiobadilika, iliyofungamanishwa na kadi ili picha isikatike, fremu iliyochelewa ni sawa na abiria aliyekosa basi. Hata akichelewa kwa nukta moja tu ya muda, hana budi kungoja basi linalofuata. Fremu iliyokamilika baada ya milisekunde 17.5 haionyeshwi wakati huo. Yangoja hadi milisekunde 33.3, na muda huo wote mchezaji hutazama picha ile ile ya zamani. Hivyo kuchelewa kwa chini ya milisekunde moja huzaa pengo maradufu. Zipo skrini za siku hizi zinazoweza kuisubiri fremu kidogo, nazo hupunguza tatizo hili, lakini haziwezi kuficha ucheleweshaji mkubwa.

Uhaba huu wa muda si jambo jipya. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito huko Ujapani alibuni mchezo uitwao Space Invaders, wenye kundi la maadui 55. Prosesa yake, Intel 8080, haikuwa na nguvu ya kuwachora wote upya kwa pamoja, hivyo programu ilimsogeza adui mmoja tu katika kila fremu. Maadui wote walipokuwa hai, hatua moja ya kundi zima ilichukua karibu sekunde nzima. Alipobaki mmoja alisogea katika kila fremu, akaenda mbio. Nishikado aliona kwamba mwendo huo wa kuongezeka uliongeza hamu ya mchezo, akauacha ulivyo. Upungufu wa mashine ukageuka kuwa sehemu ya burudani. Wachezaji wa leo hawana bahati hiyo.

Wastani unaoficha

Kwa miaka mingi wapimaji wa kompyuta walitaja namba moja tu: wastani wa fremu kwa sekunde. Hebu tuone udhaifu wake. Tuseme kwamba katika sekunde moja kompyuta ilichora fremu 59 za milisekunde 15 kila moja, na fremu moja ya milisekunde 115.

59 × 15 = 885
885 + 115 = 1,000

Jumla ni fremu 60 katika sekunde moja, na wastani hauna dosari. Hata hivyo mchezaji aliona picha ikisimama kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, muda unaotosha gari kutoka nje ya barabara. Mkulima analifahamu vema jambo hili. Mvua ya msimu yaweza kufikia wastani wa kila mwaka, na bado mahindi yakakauka kwa sababu ya wiki tatu za jua kali wakati wa kuchanua.

Mwaka 2011 mwandishi wa Marekani Scott Wasson alichapisha uchunguzi ulioonyesha umuhimu wa kutazama ndani ya sekunde yenyewe, yaani kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu peke yake. Njia hiyo imeenea tangu hapo. Programu ya bure kama PresentMon, iliyotungwa na wahandisi wa Intel, huandika muda wa kila fremu katika jedwali linaloweza kuchorwa kama grafu. Mchezo uliotulia hutoa mstari ulionyooka. Mchezo wenye kigugumizi hutoa mstari wenye miiba, na mpangilio wa miiba hiyo ndio ushahidi wetu wa kwanza.

Kusoma dalili

*Miiba inayotokea mahali papya.* Ikiwa mchezo husita kila mchezaji anapoingia eneo jipya, tuitazame diski kwanza. Diski ngumu ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa cha kusomea hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Tukiongeza takriban milisekunde 8 za kukihamisha kichwa hicho hadi kwenye njia inayotakiwa, usomaji mmoja humeza milisekunde 12 hivi kati ya zile 16.7. Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, hujibu kwa karibu nanosekunde 100. Kama RAM ingechukua sekunde moja kujibu, diski ingechukua zaidi ya siku nzima. Mchezo uliotungwa vizuri husoma mapema vitu vitakavyohitajika, lakini mwendo wa diski unaposhindwa kufuatana na mwendo wa mchezaji, fremu hungoja. Diski isiyo na sehemu zinazozunguka, iitwayo SSD, hujibu kwa muda wa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde.

Chanzo cha pili chenye dalili hiyo hiyo ni tafsiri. Kadi za grafiki za viwanda mbalimbali hazina lugha moja ya ndani. Kwa hiyo maagizo ya kuchora maji, moshi au kivuli, yaitwayo sheda, hutafsiriwa katika lugha ya kadi iliyopo, mara nyingine mchezo ukiwa unaendelea. Tafsiri moja yaweza kuchukua makumi ya milisekunde. Dalili yake ni kwamba kigugumizi hutokea mara ya kwanza tu mlipuko au kiumbe fulani kinapoonekana, huku diski ikiwa imetulia na prosesa ikishughulika sana. Mara ya pili hakuna tatizo, kwa kuwa tafsiri imekwisha kuhifadhiwa. Mwenye hali hii hahitaji kununua chochote. Aache mchezo umalize kazi ya maandalizi unapofunguliwa, wala asishangae kigugumizi kikirejea kwa muda baada ya kuweka toleo jipya la kiendeshi cha kadi.

*Miiba inayoongezeka kadiri muda unavyopita.* Mchezo ukianza vizuri na kuharibika baada ya dakika 15 au 20, joto ni mshukiwa mkuu. Nguvu inayotumiwa na prosesa huenda sambamba na kasi yake na kipeo cha pili cha volti. Inapokaribia kikomo chake, ambacho kwa prosesa nyingi ni nyuzi 95 hadi 100 za Sentigredi, hujipunguzia kasi na volti ili isiungue. Kasi ikipungua kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, nguvu hubaki 0.8 × 0.9 × 0.9, yaani 0.648 ya ile ya mwanzo. Joto limepungua kwa zaidi ya theluthi, lakini kazi iliyokuwa ikimalizika kwa milisekunde 15 sasa yahitaji karibu 19, na fremu zaanza kukosa basi. Chanzo mara nyingi ni vumbi lililoziba feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto, au uji mzito wa kupitishia joto uliokauka kati ya prosesa na chuma hicho.

*Miiba inayokuja kwa vipindi sawa.* Kigugumizi kinachorudi kila baada ya sekunde kadhaa, kama saa ya ukutani, huashiria programu nyingine inayofanya kazi kwa siri: kinga ya virusi inayokagua mafaili, au programu inayojipakulia toleo jipya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, nawe utaona ni nani anayekula muda wa prosesa na diski. Hapo pia utaona kama RAM imejaa. RAM ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu, na tumekwisha kuona gharama yake.

*Grafu iliyonyooka, lakini wachezaji wengine waruka.* Ikiwa mwendo wako mwenyewe ni laini na wapinzani ndio wanaorukaruka, kompyuta haina hatia. Hilo ni tatizo la mtandao, na mchezo usiohitaji mtandao utalithibitisha.

Kuganda kabisa

Kuganda ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huonyesha kwamba sehemu fulani imeacha kujibu. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, mfumo huo huipa kadi ya grafiki sekunde mbili. Isipojibu, kiendeshi chake huanzishwa upya na tukio huandikwa katika daftari la matukio la mfumo. Basi skrini ikiwa nyeusi kwa muda kisha ikarudi, soma daftari hilo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kompyuta ikizimika au kujiwasha upya ghafla wakati mchezo umepamba moto, mshukiwa ni kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, kilichozidiwa pale kadi inapodai umeme mwingi kwa mpigo. Ikiganda ovyo hata nje ya mchezo, ipime RAM kwa programu ya majaribio ambayo Windows huja nayo, na ukague afya ya diski. Diski inayokaribia kufa hurudiarudia kusoma sehemu iliyoharibika, na kompyuta nzima huingoja. Hapo nakili kazi zako muhimu kwanza, kisha ndipo uendelee na uchunguzi.

Badili kitu kimoja tu

Kanuni ya maabara yatumika hapa bila kupunguzwa: chagua sehemu moja ya mchezo, ipitie kwa njia ile ile kwa dakika mbili, andika vipimo, badili jambo moja, kisha rudia. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua lipi lililomponya.

Jaribio la kwanza halina gharama. Punguza nukta za picha kutoka 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720. Nukta zitakuwa 921,600, chini ya nusu ya zile za awali. Muda wa fremu ukipungua sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa. Usipobadilika, kadi mpya haitasaidia kitu, kwa kuwa kikwazo ni prosesa, RAM au diski. Jaribio hili la dakika tano laweza kuokoa mshahara wa mwezi.

Jaribio la pili ni la joto. Andika joto na kasi ya prosesa kila dakika kwa nusu saa, ukatie grafu zote mbili pamoja na ile ya muda wa fremu. Mstari wa kasi ukishuka pale joto linapofika kikomo, na miiba ikaanza wakati huo huo, ushahidi umekamilika. Kabla ya kusafisha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, iache ipoe, na uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Zuia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza vumbi. Usikifungue kamwe kifaa cha kugawa umeme, kwa kuwa kapasita zake huweza kuhifadhi chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Mwalimu asiye na mchezo wowote katika chumba cha kompyuta aweza kutumia kazi hii. Wape wanafunzi makundi mawili ya fremu kumi: la kwanza lina fremu kumi za milisekunde 20 kila moja, la pili lina tisa za milisekunde 12 na moja ya milisekunde 92. Watafute wastani wa kila kundi, wachore grafu zake, kisha waeleze ni mchezo upi ungependeza zaidi na kwa nini. Watagundua kwamba wastani ni ule ule, milisekunde 20, ilhali grafu hazifanani hata kidogo.

Yule kijana wa mwanzo alikuwa na dalili mbili: mchezo ulianza vizuri, na hali ikazidi kuharibika kadiri muda ulivyopita. Kabla ya kwenda dukani, na afungue kipimo cha joto. Huenda dawa aliyoitafuta ni brashi ndogo na nusu saa ya subira.