Hukumu ya Matumizi na Kuonana na Mtoto: Nini Kinamfuata Anayeikaidi?

 

Ndugu msomaji, ni jambo la kawaida baada ya talaka kumsikia baba akisema, "Hanionyeshi mwanangu, nami sitoi hata senti." Mama naye husema, "Hatoi matumizi, hamwoni mtoto." Kila mmoja hujiona ana hoja. Kisheria wote wawili wamekosea, kwani haki hizi mbili ni za mtoto, na kukosekana kwa moja hakuangushi nyingine. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah ameweka juu ya baba chakula na mavazi kwa wema, kisha akakataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe.

Matumizi ya mtoto

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama alivyoeleza Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, matumizi ya mtoto ambayo wakati wake umepita huanguka. Hayawi deni, ila kadhi akiwa ameyafaradhisha, au ametoa idhini ya kukopa kwa sababu baba hayupo au amekataa kutoa. Hapa tofautisha na matumizi ya mke, ambayo hubaki kuwa deni hata bila ya hukumu.

Faida ya maelezo haya ni kubwa. Mama anayevumilia miaka mitatu bila kwenda kwa kadhi huenda asiwe na cha kudai kwa miaka hiyo. Na baba aliyekwisha hukumiwa asidhani kuwa kimya kitamwokoa: mwenye uwezo akichelewesha haki amedhulumu, na hadithi zimeruhusu aadhibiwe. Wanazuoni wa Kihanafi, ijapokuwa hawamfungi mzazi kwa deni la mwanawe, wamejuzisha afungwe akikataa kumlisha. Ama asiye na uwezo, arudi kwa kadhi aombe kupunguziwa, kwani Suratut Talaq, aya ya 7, imeagiza kila mtu atoe kwa kadiri ya alichopewa.

Kuonana na mtoto

Katika Minhaj pia imekuja kuwa mtoto wa kiume akichagua kukaa na baba, hazuiwi kumzuru mama yake, na mama hazuiwi kuingia kuwaona wanawe, wa kiume na wa kike. Akichagua kukaa na mama, mchana huwa kwa baba ili amfunze adabu na kazi. Basi anayemficha mtoto, awe baba au mama, amefanya maasi yasiyo na hadi wala kafara, na maasi ya namna hiyo kadhi ana haki ya kuyatia adabu (taazir).

Sheria za nchi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imewabebesha baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 nayo imeruhusu mzazi kuomba mahakamani amri ya matumizi na ya kumwona mtoto. Hukumu ikikaidiwa, mahakama yaweza kuikaza kwa kukamata mali, na mkaidi aweza kufungwa.

Kwa hiyo, aliyenyimwa kumwona mwanawe aendelee kutoa, achukue risiti, kisha ashitaki. Aliyenyimwa matumizi amwache mtoto amwone baba yake, naye ashitaki mapema, kabla miezi haijapotea. Njia ya kadhi iko wazi kwa wote wawili. Mtoto hana njia nyingine ila wao.

Wallahu a'alam.