NGUZO ZA UKUTA: USIPIME KWA MACHO



Chini ya mgodi kila mtu anajua: mti unaotegemeza mwamba una kipimo chake, na nafasi kati ya mti na mti ina kipimo chake. Lakini siku ya pumziko, mtu huyu huyu anajenga chumba cha mbao katika parsele yake, na huko anapima kwa macho.

Mwenzetu mmoja aliongeza chumba cha watoto nyuma ya nyumba. Ukuta wake ulikuwa na urefu wa mita 4 na nusu, naye akasimamisha nguzo nne tu, kila moja mbali na mwenzake mita 1 na nusu. Mwezi wa kumi na moja, upepo ukatangulia mvua. Ukuta ukalala upande, manjanja yakashuka juu ya vitanda. Kwa bahati watoto walikuwa jikoni pamoja na mama yao.

Alikosa wapi? Mbao zake za sentimita 5 kwa 10 zilikuwa nzuri. Kwa ukuta wa mita 2 na nusu kwenda juu, unaobeba manjanja tu, zisimame kila sentimita 60, ukipima kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo ifuatayo. Kama juu kuna sakafu ya kuweka mizigo, ziwe kila sentimita 40. Tena tripleksi ina upana wa sentimita 122: ukiipunguza kidogo, kwa vipimo hivi kingo zake zinaangukia juu ya nguzo, na msumari unapata mahali pa kushika.

Kosa la pili: alizigeuza vibaya. Chukua rula ya mtoto wa shule. Kwa ubapa inapinda, kwa ukingo inakataa. Upana wa sentimita 10 uelekee toka nje kwenda ndani, kwani ndiko upepo unakosukumia. Ukiugeuza, nguvu ya kukataa kupinda inashuka mara nne. Na mbao ya 5 kwa 7? Hiyo inabakiwa na theluthi moja tu ya ugumu wa ile ya 10.

Lakini kwa maoni yangu kilichomwangusha zaidi ni kukosa mbao ya mshazari. Fremu ya pembe nne inalala hata ukiijaza misumari. Pembe tatu hailali. Mbao hiyo itoke pembe ya chini hadi pembe ya juu, ipigiliwe misumari kwa kila nguzo inayopita.

Ukikata nguzo kwa ajili ya mlango ao dirisha, weka mbao nene juu yake, isimame kwa ukingo, na kila upande uongeze nguzo ya kuibeba.

Mchwa nao hawalali. Usizike nguzo udongoni. Jenga msingi wa matofali na simenti, sentimita 20 juu ya ardhi. Mbao ya chini ikiwa ya mubanga, ni vizuri zaidi. Wengine wanapaka mafuta machafu ya motere: katika chumba cha kulala hapana, yanadhuru ngozi na kuita moto.

Kabla ya kupanda na manjanja, sukuma pembe ya juu kwa mikono miwili. Ikitikisika, usipande.

Mwenzetu amejenga tena. Ukuta ule ule sasa una nguzo tisa. Anasema zile tano za kuongeza zilimgharimu kidogo kuliko vitanda vilivyovunjika.