Mstari Mwekundu ni Hasi: Istilahi za Kiswahili katika Upangaji wa Raki ya Kubebeka ya Sinthesaiza ya Moduli, kwa Kurejelea Gisimenti, Kigali

Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo mijadala ya istilahi imejikita zaidi katika sheria, elimu na utawala, na nyanja za burudani zimeachwa zijitafutie maneno. Makala hii inaingia katika mojawapo ya nyanja hizo: namna mwanamuziki wa elektroniki anavyopanga raki ya kubebeka ya sinthesaiza ya moduli, na maneno ambayo yeye na fundi wake wanaweza kuelewana kwayo bila kuunguza kifaa. Mahali pa kurejelea ni Gisimenti, mtaa wa Remera unaojulikana kwa baa na kumbi za usiku, ambako Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili huweza kusikika katika meza moja.

Sinthesaiza ya moduli si kinanda. Ni sanduku lililopangwa vipande, kila kipande na kazi yake: kimoja huzalisha sauti, kingine huichuja, kingine huipandisha na kuishusha. Muziki hutokea pale vipande hivyo vinapounganishwa kwa nyaya fupi. Mfumo unaotumika zaidi leo ulianzishwa na kampuni ya Doepfer ya Ujerumani katikati ya miaka ya 1990. Kimo cha bamba la moduli ni milimita 128.5, na upana huhesabiwa kwa vizio vya milimita 5.08. Raki ya vizio 84, basi, ina upana wa takriban milimita 427, kiasi ambacho mtu mmoja hubeba mkononi.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hizi. Brian Bamanya wa Uganda, maarufu kwa jina la Afrorack, alijiundia sinthesaiza ya moduli kwa mikono yake kwa kuwa moduli za kuagizwa ni ghali, na mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala ilitoa albamu yake. (Kwamba lebo ya Kampala ilijichagulia jina la Kiswahili ni jambo ambalo wapangaji wetu wa lugha wangefaa kulitafakari.)

Upangaji huanza na hesabu ya umeme, wala si sauti. Soketi ya ukutani mjini Kigali hutoa volti 230. Adapta na kigawi cha umeme ndani ya raki huubadili kuwa volti chanya 12, hasi 12, na mara nyingine chanya 5. Kila moduli hula kiasi chake cha mkondo, nacho huandikwa kwa miliampea. Mwanamuziki hujumlisha matumizi yote kwa kila njia, kisha huacha akiba. Ikiwa kigawi kinatoa miliampea 1,200 kwenye njia ya chanya 12, si busara kukitwisha zaidi ya 900 hivi, kwa kuwa moduli nyingi huvuta mkondo mwingi zaidi zinapowashwa.

Hapa ndipo lugha inapoweza kugharimu fedha. Moduli huunganishwa na kigawi kwa utepe wa nyaya wenye mstari mwekundu ubavuni. Katika ufundi wa betri, unaofahamika na kila kijana aliyepita gereji, wekundu ni chanya. Katika mfumo huu mstari mwekundu huonyesha upande wa hasi 12. Kwenye plagi ya pini 10 hatari ni dhahiri: pini mbili za pembeni ni hasi, sita za kati ni ethi, mbili za upande wa pili ni chanya. Utepe ukigeuzwa, ethi hubaki mahali pake, ila chanya na hasi hubadilishana, na moduli isiyo na kinga huungua papo hapo. Maelekezo yanayosema tu “fuata waya mwekundu” ni mtego. Ni lazima yaseme “mstari mwekundu ukae upande wa hasi 12”, hata kama sentensi inarefuka.

Istilahi nyingine hazina hatari hiyo, lakini zina ugumu wake. Kichujio kimekubalika bila ubishi. Osileta na amplifaya zimekwisha kuvaa mavazi ya Kiswahili. Lakini ile moduli inayoamua sauti ipande kwa kasi gani, idumu kiasi gani na ififie vipi, baadhi ya wafasiri wangeiita “bahasha” kwa kufuata Kiingereza. Bahasha ni ya barua, ninapendekeza kiundaumbo. Mpangilio wa nyaya nao huvutia neno “msuko”, ila fundi akisikia kusuka atafikiria mota iliyoungua. Mpango wa nyaya unatosha.

Osileta nyingi huongozwa kwa kanuni ya volti moja kwa oktavo: volti ikiongezeka moja, masafa huongezeka maradufu, yaani hezi 220 huwa 440, kisha 880. Kwa kuwa osileta za analogi huyumba joto linapobadilika, raki huwashwa nusu saa kabla ya kutuniwa, hasa kwenye baraza la wazi, kwani usiku wa Kigali una ubaridi.

Moduli ya mwisho ni ya kutolea sauti. Mawimbi ndani ya raki hufikia volti 10 kutoka kilele hadi kilele, kiasi kikubwa mno kwa mikisa ya ukumbini. Moduli hiyo huyapunguza. Wanaoiacha ili kuokoa nafasi husikika kwa mikwaruzo. Vifundo vinavyoguswa mara nyingi huwekwa safu ya chini, mbali na msitu wa nyaya, kwa sababu jukwaani taa ni hafifu. Na kwa kuwa raki ya analogi haina kumbukumbu, mpango wa nyaya hupigwa picha kabla ya kufunguliwa, na kila waya huandikwa jina kwenye kipande cha gundi ya karatasi, kwa lugha ambayo msaidizi wa jukwaani anaisoma.